Nyoka Hakuulizwa Swali

Ukikaa Tuwan, mtaa wa Kitale, muda wa kutosha utaisikia sentensi hii kila mahali: "Shetani alinipitia." Mweka hazina wa chama huisema daftari likifunguliwa na pesa zikakosekana. Mume huisema mkewe akishaona ujumbe kwenye simu. Kijana wa bodaboda huisema mbele ya wazazi wa msichana wa kidato cha pili. Ukipanda matatu ukapita Kiminini na Webuye, ukashukia Kanduyi, utaikuta imekutangulia. Hata kizimbani husikika, mshtakiwa akishapatikana na hatia na hakimu akamuuliza kama ana la kusema kabla ya hukumu. Wengine huitamka kwa machozi ya kweli. Wengine huitamka ili mazungumzo yaishe.

Makala hii haikuja kubishana kama shetani yupo. Wakristo wengi wa Trans Nzoia na Bungoma wanaamini yupo, wawe Wakatoliki, Marafiki (Quakers), Jeshi la Wokovu au wa makanisa ya kiroho yanayokesha kwa maombi, nami ni mmoja wao. Ninachosema ni kwamba imani hiyo, ikifuatwa jinsi Biblia inavyoieleza, haimpunguzii mtu hata kidogo uzito wa alichotenda. Mdanganyifu ana hukumu yake. Aliyedanganywa akatenda naye ana la kujibu. Wala hizo mbili haziondoani.

Kesi ya kwanza

Soma tena Mwanzo sura ya 3, safari hii ukihesabu maswali. Mungu anamuuliza Adamu yuko wapi, nani aliyemwambia kwamba yu uchi, na kama amekula tunda alilokatazwa. Kisha anamuuliza mwanamke amefanya nini. Maswali manne, yote kwa binadamu. Adamu anamsukumia mkewe lawama, na ndani ya jibu hilohilo anamgusa hata Mungu aliyempa mke huyo. Mke anamsukumia nyoka. Nyoka haulizwi lolote. Anasomewa hukumu tu.

Angalia vizuri jambo lililo hapo. Mwanamke aliposema amedanganywa, alisema kweli. Hakuna anayempinga, wala Mungu hamwambii kwamba anasingizia. Hata hivyo ukweli huo haukumtoa katika kesi. Alijibu, mumewe akajibu, na kila mmoja akapewa hukumu yake mwenyewe. Anayeulizwa ni yule anayeweza kujibu, na anayeweza kujibu ndiye aliyekuwa na uwezo wa kukataa.

Mwendo huo unarudi mara nyingi. Katika 1 Mambo ya Nyakati sura ya 21 imeandikwa wazi kwamba Shetani alimshawishi Daudi awahesabu Israeli. Yoabu, mkuu wa jeshi, alimwonya. Mfalme akashikilia lake. Tauni ilipokuja na watu wakafa, Daudi alikuwa na kisingizio ambacho Maandiko yenyewe yangemuunga mkono. Hakukitumia. Alisema ni yeye aliyekosa, akauliza kondoo hawa wamefanya nini. Katika Matendo sura ya 5, Petro anamwambia Anania kwamba Shetani ameujaza moyo wake, na papo hapo anamuuliza kwa nini yeye mwenyewe alipanga jambo hilo moyoni. Shetani ametajwa, na Anania pia. Petro haoni mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili, nasi hatuna sababu ya kuuona.

Makanisa yenyewe, kwa desturi zake, yanalijua hili. Mkatoliki anapoungama mwanzoni mwa misa hujipiga kifua chake mwenyewe, akikiri kwamba kosa ni lake. Na katika mkesha wa Pasaka, waumini wanaporudia ahadi za ubatizo, huulizwa kama wanamkataa shetani, nao hujibu kwa kinywa chao. Hakuna maana ya kumuuliza swali kama hilo mtu asiyeweza kukataa.

Wazee wetu, kabla ya misheni kufika, hawakuwa wageni wa jambo hili. Günter Wagner, aliyefanya utafiti wa mila za Waluhya katika miaka ya 1930, aliandika kwamba Wabukusu walimjua Wele, mungu mwema mwenye kutoa, na walizungumza pia juu ya wele kumali, mungu mweusi mwenye kuleta madhara. Lakini ng'ombe wa mtu akichukuliwa, fidia ilidaiwa kwa aliyechukua na kwa ukoo wake. Wele kumali hakuwa na zizi ambalo mtu angeendea kudai.

Udanganyifu hupitia wapi

Mtu akisema shetani alimpitia, muulize alipitia mlango gani. Yakobo katika sura ya 1 ya waraka wake anasema kila mtu hujaribiwa akivutwa na tamaa yake mwenyewe; tamaa hutunga mimba, ikazaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti. Shetani hana haja ya kukupandia tamaa ngeni. Anatumia iliyomo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Mazungumzo ya bustanini yanaonyesha hatua zake. Kwanza huikuza amri ionekane ya uonevu: eti Mungu amewakataza miti yote? Pili huifuta adhabu: hamtakufa. Tatu huahidi hadhi ambayo mtu anadhani amenyimwa: mtakuwa kama Mungu. Sasa mchukue mweka hazina wa chama chenye wanachama 20. Anaanza kwa kujiambia kwamba masharti ya chama ni magumu mno, kwamba yeye anafanya kazi ya wote bila malipo. Kisha anajiambia hakuna atakayejua, maana pesa atazirudisha Ijumaa kabla ya kikao. Mwishowe anajiambia kwamba akiziweka kwenye kamari ya simu zitazaa, alipe, abaki na faida, na heshima yake ipande. Kufikia siku anapotoa pesa hizo, uamuzi ulishafanywa zamani. Haukufanywa mara moja. Ulifanywa kidogo kidogo, na kila mara alikuwa na nafasi ya kugeuka.

Ndiyo maana sikubali maneno "nilijipata tu nimefanya". Hakuna anayejipata kitandani kwa mke wa jirani. Kulikuwa na salamu, kisha namba ya simu, kisha ujumbe uliofutwa, kisha uongo kuhusu safari ya Bungoma, kisha nauli. Ukirudi nyuma ukaihesabu njia yako hatua kwa hatua, utaona pale shetani aliposema na pale wewe ulipoitikia.

Je, kama nilidanganywa kweli?

Swali hili ni la haki na lisipuuzwe. Wapo wanaodanganywa bila kuwa na njia ya kujua. Mwaka 2024 wakulima wengi nchini waligundua kwamba sehemu ya mbolea ya ruzuku iliyouzwa kupitia maghala ya bodi ya nafaka, NCPB, haikuwa na ubora ulioandikwa kwenye gunia, na serikali ikaahidi kuwafidia. Mkulima wa Trans Nzoia aliyenunua gunia lililoshonwa, lenye chapa rasmi, kwenye ghala rasmi, hana hatia yoyote katika mahindi yake kudumaa. Alidhulumiwa. Lakini mtu aliyejua kilichomo, au aliyenong'onezewa akaamua asiulize kwa sababu faida ilikuwa nono, huyo hawezi kusimama foleni moja na mkulima akidai naye alidanganywa.

Yesu anaweka kipimo hichohicho katika Luka sura ya 12: mtumishi aliyejua mapenzi ya bwana wake akayavunja atapigwa sana, na ambaye hakujua atapigwa kidogo. Kujua ndiko kunakopima. Kwa hiyo jiulize maswali matatu bila kujionea huruma. Je, nilijua kuwa ni kosa? Je, kuna mtu aliyenionya, kama Yoabu alivyomwonya Daudi? Je, nilificha? Swali la tatu ndilo zito zaidi. Anayeficha anajua. Ukikuta ulifuta ujumbe, ulizima simu, ulichana karatasi au ulimpa mtoto peremende asiseme, basi hukuwa gizani. Wewe ndiye uliyezima taa.

Sheria ya Kenya nayo haiko mbali na hapo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 11, inamchukulia kila mtu kuwa na akili timamu hadi ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 12 kinamlinda ambaye ugonjwa wa akili ulimfanya asielewe alichotenda au asijue kuwa ni kosa. Kifungu cha 13 kinasema ulevi kwa kawaida si utetezi. Aliyekunywa chang'aa kwa hiari yake, kisha akampasua mwenzake kichwa kwa rungu, atajibu. Kama busaa na chang'aa ambazo watu wote wameziona haziwezi kumbebea mtu kesi, shetani ambaye hakuna shahidi aliyemwona ataibebaje?

Tunapomtafuta mahali pasipo pake

Kenya ilishamtafuta shetani kwa gharama ya serikali. Oktoba 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Kanisa Katoliki. Ripoti yake ilipowekwa mbele ya Bunge mwaka 1999, ilisema ibada hiyo ipo na kwamba imepenya hata mashuleni. Miaka ile wazazi wengi waliogopa pete, mikufu na kaseti za nyimbo.

Lakini kumbuka kilichokuwa kimetendeka nchini muda mfupi kabla ya tume hiyo. Kampuni ya Goldenberg ilikuwa imelipwa mabilioni ya shilingi kutoka hazina ya umma kwa madai ya kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi ambayo haikuwa na dhahabu wala almasi za kiasi hicho. Karatasi zilijazwa, sahihi zikatiwa, hundi zikaandikwa. Tume ya kuchunguza hayo, chini ya Jaji Samuel Bosire, haikuundwa hadi 2003. Yaani tulimfanyia shetani tume miaka tisa kabla ya kuwafanyia tume watu waliokuwa na kalamu mkononi.

Sisemi waliotumikia tume ya kwanza walikuwa na nia mbaya. Nasema macho yetu hupenda kuelekea huko. Shetani wa pete na kaseti ni rahisi kumpigia kelele, kwa sababu yeye hatudai kitu. Dhambi yenye risiti hutudai.

Huku kwetu magharibi tuna mfano ulio bora zaidi. Misheni ya Marafiki ilianzishwa Kaimosi mwaka 1902, na mwaka 1927 ulitokea uamsho hapohapo, ambapo watu walisimama mbele ya wenzao wakakiri dhambi zao wazi. Miaka michache baadaye uamsho mwingine ulitoka Gahini, Rwanda, ukapita Uganda na kuingia Kenya mwaka 1937. Ndugu wa uamsho huo walijulikana kwa jambo moja lililowashangaza hata wasioamini: walirudisha vitu. Mtu alimrudia mwajiri wake na alichoiba, au akalipa deni ambalo mdai mwenyewe alikuwa amekwisha kulisahau. Walimwamini shetani sana, lakini hawakumtuma yeye kurudisha jembe.

Hatua za kuchukua

Ikiwa umekosa, na unataka kutoka humo kwa njia ya Kikristo, nakushauri hivi.

Kwanza, taja kosa kwa jina lake kabla hujamtaja shetani. Katika Zaburi ya 51, inayohesabiwa kuwa toba ya Daudi baada ya kumchukua Bathsheba na kumuua mumewe, shetani hatajwi hata mara moja. Fuata mpangilio huo. Useme: "Nilichukua shilingi elfu ishirini za chama mwezi wa tatu." Usiseme: "Kulikuwa na shida kidogo ya pesa." Jina la kosa, kiasi, tarehe na aliyeumizwa. Ukishamaliza hayo manne, kama bado unaona umuhimu wa kueleza jinsi ulivyoshawishika, eleza. Utashangaa jinsi maelezo hayo yatakavyokuwa mafupi.

Pili, mwendee uliyemkosea kabla ya kwenda madhabahuni. Mathayo sura ya 5 inamwambia mtu aache sadaka yake mbele ya madhabahu akapatane kwanza na ndugu yake. Sisi huku tumegeuza. Mtu huanza na mkesha, akalia, akaombewa, akatoa ushuhuda Jumapili, huku mama mboga aliyemdhulumu amekaa kiti cha nyuma akisikiliza. Ushuhuda wa namna hiyo humjeruhi mara ya pili.

Tatu, rudisha, na uongeze. Hesabu sura ya 5 inaagiza aliyekosa alipe alichochukua chote na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Kwa shilingi 20,000, nyongeza ni 4,000, jumla 24,000. Zakayo katika Luka 19 alijitolea kulipa mara nne. Kama huna pesa kwa mkupuo, andikeni makubaliano: kiasi gani kila mwezi, hadi lini, mbele ya mashahidi wawili. Wakati wa mavuno unaweza kulipa kwa magunia ya mahindi ya kilo 90 kwa bei ya soko ya siku hiyo. Na usitafute njia ya bei rahisi. Daudi, alipopewa bure uwanja wa kupuria wa Ornani ili atoe dhabihu, alikataa. Alitaka kulipa thamani yake yote, kwa kuwa hakutaka kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu.

Nne, funga mlango ulipopitiwa. Waefeso sura ya 4 inaonya tusimpe Ibilisi nafasi, na nafasi hiyo mara nyingi ni kitu cha kawaida kabisa. Ikiwa ni pesa za kikundi, ziwekwe benki, kuzitoa kuhitaji sahihi za watu watatu, na hesabu isomwe kwa sauti kila kikao. Ikiwa ni kamari, funga akaunti, mpe mkeo au dada yako asimamie mshahara kwa muda. Ikiwa ni pombe, badili njia ya kurudi nyumbani. Ikiwa ni mwanamke au mwanamume asiye wako, futa namba, na umwambie mtu mmoja mzima unayemheshimu. Maombi bila kufunga mlango ni kumfukuza mwizi huku ufunguo umemwachia.

Tano, pokea matokeo. Kusamehewa na Mungu hakumaanishi kwamba chama kitakurudishia daftari, au kwamba mkeo atakuamini kesho asubuhi. Imani ya watu hurudi polepole, na aliyeivunja hana haki ya kuiharakisha.

Kwa uliyekosewa

Ukiambiwa "samehe, ni shetani tu", huna wajibu wa kukubali maelezo hayo. Unaweza kusamehe na bado ukataka kosa litajwe kwa jina na hasara ilipwe. Kusamehe ni kuacha kulipiza kisasi. Kujifanya kwamba hakuna kilichotendeka ni jambo jingine kabisa. Mke anayepigwa, kisha akaletewa wazee wa kanisa waje kukemea pepo wa hasira, ana haki ya kuwauliza kwa nini pepo huyo hampigi chifu wala mwajiri, humpiga yeye tu, tena mlango ukiwa umefungwa. Anayeweza kuchagua wa kumpiga na mahali pa kumpigia ana uwezo wa kuchagua kutopiga. Laini ya simu ya bure 1195 hupokea wanaodhulumiwa kijinsia.

Na kuna jambo ambalo halipelekwi kwa wazee hata kidogo. Mtoto akinajisiwa, Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inatoa kifungo cha maisha ikiwa ana miaka 11 au chini, kisichopungua miaka 20 ikiwa ana 12 hadi 15, na kisichopungua miaka 15 ikiwa ana 16 hadi 18. Kosa hilo halifutwi kwa mbuzi, kwa ahadi ya ndoa wala kwa maombi ya kufunga. Mpeleke mtoto hospitali kabla hajaogeshwa, nguo alizovaa ziwekwe kwenye karatasi, kisha polisi. Laini ya watoto ni 116. Mchungaji anayesema "tulimalize kanisani" anamlinda mkosaji, awe anajua au hajui.

Mahali ambapo ni ugonjwa

Haki inatutaka pia tusimbebeshe mtu dhambi isiyo yake. Mwenye kifafa anayeanguka ibadani hana pepo wa kufukuzwa kwa mijeledi. Ana ugonjwa wenye dawa, na akizimeza kila siku anaweza kuishi miaka bila kuanguka. Mama aliyejifungua juzi na sasa anasikia sauti zikimwambia amdhuru mtoto anahitaji hospitali leo, si wiki ijayo. Kijana aliyebadilika ghafla, halali, anazungumza peke yake, apelekwe hospitali ya rufaa ya Kitale au Bungoma akaonwe na mtaalamu wa afya ya akili. Mwombeeni njiani na mwombeeni wodini, lakini msimwambie aache dawa. Luka, ambaye Paulo anamwita tabibu mpendwa, ndiye pia aliyeandika habari za pepo.

Jihadhari na anayeuza ukombozi

Paulo katika 2 Wakorintho sura ya 11 anaonya kwamba Shetani hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru. Ukilishika neno hilo, utajua mahali hatari zaidi pa kumtafuta: palipo na mwanga mwingi na kelele nyingi dhidi yake.

Aprili 2023 nchi ilianza kufukua makaburi ya Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilitolewa. Wengi walikuwa wafuasi wa Paul Mackenzie wa Good News International Church, na waendesha mashtaka wanasema walishawishiwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mackenzie amekana mashtaka mahakamani. Lakini mahubiri yake ya miaka ya nyuma yalijulikana hadharani: shule ni ya shetani, Huduma Namba, ile namba ya utambulisho ya serikali, ni alama ya mnyama. Watu walionywa kuhusu shetani kila siku, hadi wakaacha kuuliza huyo anayewaonya anawapeleka wapi.

Kwa hiyo mpime yeyote anayekuambia tatizo lako ni pepo. Anataka pesa kabla ya kuomba, akiziita mbegu? Yesu aliwaambia wanafunzi wake walipokea bure, watoe bure. Anakutenga na jamaa zako? Anakukataza dawa, au shule kwa watoto? Anaogopa ukimuuliza swali mbele ya watu? Anakupa adui wa kumlaumu, shangazi mchawi au jirani, bila kukuuliza hata mara moja wewe umefanya nini? Jibu la ndiyo kwa moja tu kati ya hayo linatosha kukufanya uchukue mkoba wako uondoke.

Wafundisheni watoto mapema

Wazazi, msimfundishe mtoto kutafuta wa kumsingizia. Akivunja kikombe, muulize amefanya nini, amsaidie mama kuzoa vigae, kisha yaishe. Mtoto anayepigwa kila akisema kweli atajifunza kusema ni paka. Akikua, paka atakuwa shetani. Mwezi Agosti, katika miaka ya tohara, vijana wa Kibukusu hupewa mawaidha ya khubita wakiambiwa wazi kwamba utoto umeisha. Makanisa mengi sasa yana programu zao za tohara na mafunzo. Iwe kwa mzee au kwa mchungaji, funzo la kwanza liwe hili: ukikosa, utasimama wewe na kusema ni mimi.

Mshtaki

Nimalizie kwa wale ambao shida yao ni kinyume, wanaojilaumu hadi hawalali. Yule anayeshawishi kabla ya kosa ndiye anayeshtaki baada yake. Ufunuo sura ya 12 inamwita mshtaki wa ndugu zetu. Jana alisema hakuna atakayejua. Leo anasema hakuna atakayekusamehe. Zote mbili ni uongo wa kinywa kimoja.

Luka sura ya 22 inawaweka wanafunzi wawili katika usiku mmoja. Yuda, Shetani alimwingia. Petro, Yesu alimwambia kwamba Shetani ameomba kumpepeta kama ngano. Wote wawili walianguka, na wote wawili walijua kwamba kosa ni lao. Yuda alirudisha vipande vya fedha na kukiri, lakini akakiri kwa makuhani wasiomjali, akaenda kujinyonga. Petro alilia, akabaki na wenzake, na baadaye kando ya ziwa akaulizwa mara tatu kama anampenda Bwana, akajibu mara tatu. Ukiwa na mawazo ya kujiua kwa sababu ya ulichofanya, usikae peke yako usiku huu. Mwite ndugu, daktari au padre. Aibu ya kusema huisha. Kifo hakirekebishwi.

Toba ya kweli ina anwani. Ina mtu wa kumwendea, kiasi cha kulipa na mlango wa kufunga. Kama unasoma makala hii ukijua kuna jina la mtu linalokuzunguka kichwani, usingoje mkesha wa mwisho wa mwezi. Mwendee kabla ya Jumapili, umwambie ulichofanya, lini, na utakavyolipa. Ukishatoka kwake, ndipo uombe dhidi ya shetani.